Siku Mvua Ilifunga Furu

Mwaka wa 2009, niko na miaka makumi ine na mbili, taabu iliingia kwangu. Mugodi nilimotumika ulifunga. Nikashika njia ya Kasaji na mudogo wangu, mwenye kuniita Yaya juu mi ni mukubwa wake, tukakate miti na kuchoma makala ya kupikia. Masomo niliacha mu primeri ya tatu. Lakini miti naijua, hakuna mutu wa kunifundisha.

Unapanga miti, unafunika na majani na udongo, unatia moto, unalinda. Ile ndiyo furu. Kiangazi udongo ni unga: unapasuka, hewa inaingia, unakuta majivu. Lakini ule udongo unashuka pamoja na miti, na wewe unaona. Udongo wa mvua unashika. Miti inaiva, inashuka chini, kifuniko kinabaki juu peke yake, kigumu, na hujui kama ndani ni tundu.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika. Moshi ulitoka juu ya furu, mudogo akapanda na chepeo ya kutupia udongo, azibe.

“Shuka! Ziba kwa pembeni.”

“Yaya, umezeeka mbele ya wakati! Udongo iko sawa simenti. Ona!” Akaruka-ruka, ananicheka.

“Mi nasema shuka!”

“Nashuka, muzee, nashuka.”

Kifuniko kikavunjika. Aliingia mu moto mpaka magoti. Nilimuvuta kwa mikono.

Nikamuweka juu ya baiskeli ya makala. Njia ilikuwa matope mekundu. Yalijaa mu magurudumu mpaka yakakataa kuzunguka. Nikaitupa, nikamubeba mugongoni. Kwenye bonde tulilolivuka kiangazi na viatu vikavu, maji yalinifika kiunoni.

“Yaya, niache humu kidogo. Mu maji haiumi.”

Nikasimama. Kweli, alinyamaza kulia. Lakini alianza kutetemeka, na niliona akilala mule hataamuka.

“Kila siku unanicheka, leo unataka nikuache?”

Nikatoka naye. Alilalamika njia yote, na mi nilitaka alalamike.

Kolwezi tulifika kesho yake, juu ya kamio, lori ya mihogo. Docteri akasema muguu wa kushoto umechelewa kutibiwa. Wakaukata.

Mu kanisa walisema ni uchawi. Uongo. Ilikuwa mvua.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma kule Musonoi, pale Kolwezi, mabati mapya, pikipiki moja, shoka mbili, mbuzi ine, shamba la mahindi. Na mudogo wangu. Anakaa kwangu, anakula kwangu. Mvua ikinyesha, anafunga mulango wa chumba chake.