Sambusa za Mkono wa Kushoto

Mwaka wa 1996 kiharusi kilimpata Faduma, mke wa Abdikarim mwenye duka la nguo mjini Migori. Alipona, lakini mkono wa kulia ukabaki umelegea. Mwaka mzima majirani walimpikia. Alishukuru, ila moyoni aliona haya, maana sambusa zake ndizo zilizokuwa zikisifiwa mtaani.

Ndipo dadake akamtumia kutoka Nairobi mashine ndogo ya umeme ya kukatakata vyakula, bakuli lake halizidi birika la chai. Siku ya kwanza Faduma alibonyeza swichi bila kuachia, vitunguu vikageuka uji. Baada ya siku tatu alikuwa ameshajua: bonyeza, achia, tazama. Kumenya ndiko kulikomshinda, mpaka Abdikarim alipopigilia misumari miwili kwenye ubao ili ishikilie kitunguu.

Asubuhi ya Idi, jirani yake Mellen alifika na kisu chake, tayari kusaidia. Alikuta nyama imeshasagwa, vitunguu na dania vimekatwa vizuri.

"Nani amekukatia hivi vyote, Mama Hibo?"

"Huu hapa," Faduma akasema, akiinua mkono wa kushoto. "Weka kisu chini, mama. Leo wewe ni mgeni."

Bintiye Hibo alikunja manda tu, zile karatasi za unga za kufungia nyama. Kukaanga alikaanga Faduma mwenyewe. Mellen alipofika sambusa ya nne alitikisa kichwa.

"Hizi ndizo zenyewe!"

Faduma alicheka, akajaza sahani nyingine, akaibeba mwenyewe hadi nyumba ya pili.