Kapasita Iliyokwanguliwa

Watu wa mtaa ule walimwita Bwana Taratibu, na jina hilo lilimkaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa fundi wa redio na amplifaya za kale, zile zenye valvu za kioo ambazo huamka polepole, kwanza wekundu hafifu, kisha rangi ya chungwa bivu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, meza iliyojaa makovu ya chuma cha kulehemu, na harufu ya nta na vumbi lililopashwa moto, ambayo marehemu mkewe alijaribu kuifua kwenye mashati yake miaka yote bila kuishinda.

Asubuhi moja aliingia shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa, nyuma yake mchukuzi aliyebeba amplifaya ya marehemu. Kaka huyo alikuwa mpiga gitaa, na kazi yote ya vidole vyake ilikuwa imebaki katika kanda moja tu, ambayo shemeji aliileta mkobani.

"Ijumaa nahamia kwa binti yangu," shemeji alisema, akiketi kabla ya kukaribishwa. "Nataka niende na kaka yako, na sauti yake ileile. Siku hizi nikiweka kanda, anakoroma."

"Hata enzi zake alikoroma, shemeji."

"Alikoroma kitandani. Kwenye gitaa hakukoroma hata siku moja."

Bwana Taratibu alifungua sanduku. Mkosaji hakujificha: kapasita moja, ndogo kama pingili ya kidole, inayopitisha sauti kutoka valvu hadi valvu, ilikuwa ikivujisha umeme. Taabu ni kwamba ganda lake lilikuwa tupu, halina tarakimu hata moja, na kuipima hakukufaa kitu, maana iliyokwisha kuharibika huidanganya mita. Lakini amplifaya ile ilikuwa na njia mbili za sauti, zilizojengwa kama mapacha. Akasoma tarakimu za kapasita ya upande wa pili, akachagua mpya ya kipimo hichohicho, akailehemu, akaweka kanda.

Sauti ikatoka safi, imenyooka. Shemeji akainamisha kichwa.

"Nani huyu?"

"Mumeo."

"Mume wangu hakuwa na sauti ya mtu anayeomba kazi."

Fundi hakubisha. Aliichukua kapasita ya zamani, akaielekeza dirishani, na kwenye mwanga wa pembeni akaona mikwaruzo ya wembe, myembamba, yote ikilalia kulia kwa namna anayokwangua mtu wa mkono wa kushoto. Akautazama mkono wake wa kushoto. Enzi za ujana wao mafundi walikwangua maandishi ya vifaa ili mwenzao asiibe maarifa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeing'oa kapasita ya kiwandani, akaweka nyingine ya kuinenepesha sauti ya gitaa la kaka yake, kisha akaikwangua, akiamini kabisa kwamba yeye hatasahau. Sasa aliitafuta namba ile kichwani, akakuta alasiri nzima badala yake: pazia likipumua, kaka yake peku juu ya kreti, akikaza nyuzi na kucheka. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa namba.

"Ni mimi niliyekwangua," akasema.

"Ili nani asijue?"

"Mafundi wengine."

"Wako wapi hao mafundi?"

Aliwapitia mmoja mmoja moyoni. Hakuna aliyebaki.

"Basi nieleze, shemeji. Alikuwaje?"

Mjane akafumba macho. "Mnene. Kama mtu anayezungumza akiwa bado amejifunika shuka. Lakini uzi wa chini haukunguruma. Ulipumua tu."

Fundi akaiondoa kapasita ile mpya, na mahali pake akaanza kubana nyingine kwa vibanio vidogo, moja baada ya nyingine. Kila mara alizima, akangoja vioo vife, akautoa umeme uliobaki tumboni mwa mashine, akabadilisha, akawasha, akangoja tena. Katika kungoja huko saa zilipoteza uzito. Mwanga ulihama kutoka mezani hadi ukutani, na wale wawili wakazungumza kidogo kidogo, kama wasafiri wa treni ndefu.

"Huyu kavimba," mjane alisema juu ya moja. Na juu ya nyingine: "Huyu kafiwa."

Mwishowe fundi alizibana mbili ndogo bega kwa bega, ili nguvu zao zijumlike. Vioo vikaamka. Gitaa likaingia chumbani bila haraka.

Mkono wa shemeji ulikuwa umekwenda kwenye nafasi tupu ya benchi kando yake, ukatulia pale.

Vibanio vilikuwa vya kujaribia tu, kazi ilikuwa bado kulehemiwa, na kulehemu kungedai mashine izimwe. Bwana Taratibu alikitazama chuma chake cha moto, akakirudisha kwenye kishikio, akaketi. Kanda ilikuwa imebakiza dakika ishirini, na Ijumaa ilikuwa bado.