Fortunata achagua baiskeli ya kupandia Matogoro

Saa kumi na mbili asubuhi, Fortunata Komba anatoka uani kwake Ruhuwiko akisukuma baiskeli ya kijani. Ni mwezi wa saba, baridi ya Songea inauma masikio. Amevaa sweta mbili, buti, na kofia ngumu juu ya kilemba.

Anafunga panga na chupa ya chai kwenye keria, anabonyeza kitufe karibu na mkono wa usukani, kisha anakanyaga pedali. Baiskeli inaondoka kimya kimya kama gari lililoachiwa mteremkoni.

Anavuka mji wote kabla maduka hayajafunguliwa. Lami ikiisha, anashika njia ya miguu inayopanda Milima ya Matogoro. Huko ndiko kazi yake iliko. Fortunata, mwenye umri wa miaka 54, ni mlinzi wa msitu aliyeajiriwa na jumuiya ya watumia maji. Hukagua chemchemi, huzima moto wa kiangazi ungali mdogo, na huwaondoa wanaokata miti.

"Watu wa mjini wanafungua bomba, maji yanatoka. Hawajui kama kuna mtu ametembea huku juu," anasema huku akiondoa majani yaliyoziba mdomo wa chemchemi.

Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo kwa Swala, baiskeli nzito ya chuma aliyoachiwa na baba yake. Kwenye lami aliiendesha, mlimani aliisukuma. Anazikumbuka asubuhi zile kwa sauti ya upole: ukungu umejaa bondeni, mnyororo unalia, na akina mama wa Matogoro wakimsalimia kutoka mashambani kwa jina la baba yake, kana kwamba mzee bado anapita.

Mwaka jana aliteleza kwenye mawe yenye maji na kuumia goti. Alipopona, daktari alimkataza kusukuma mzigo mlimani. Jumuiya ikampa kazi ya kukaa kwenye geti la msitu, bondeni.

Aliikubali, ila haikumkaa moyoni. "Nilikuwa naangalia mlima kama mtu anayeangalia nyumba aliyohamishwa. Nikiona moshi, najua ni sehemu gani, lakini siwezi kwenda," anasema.

Ndipo wanawe wawili wanaofanya kazi Dodoma walipoamua kumnunulia baiskeli ya umeme. Jumuiya ilikubali kumrudisha msituni, kwa sharti kwamba athibitishe goti linahimili. Kazi ikabaki moja: achague ipi.

Erasmus Mapunda, fundi baiskeli wa Mfaranyaki, alikuwa na mbili. Zote zina springi mbele tu, nyuma zimekaza. Fortunata alipouliza kwa nini asichukue yenye springi pande zote mbili, fundi alimweleza kwamba maungio ya nyuma yanaliwa na vumbi na tope, na tena haikubali keria ya kubeba mzigo wa maana. Kwa mtu anayeanzia kwenye lami na kumalizia msituni, alisema, springi ya mbele inatosha.

Tofauti ilikuwa kwenye mota. Ile nyeusi mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma, betri ni kubwa, na unaweza kwenda bila kukanyaga, kwa kuzungusha mkono kama bodaboda. Ya kijani mota iko kwenye pedali. Ni nyepesi, betri yake ni ndogo, na usipokanyaga haiendi.

"Nilimwambia, mama, mimi nikikuchagulia utanilaumu. Chukua moja wiki hii, nyingine wiki ijayo," anasimulia Erasmus.

Nyeusi ilianza. Mumewe, Valence, fundi mwashi aliyestaafu, aliipenda siku ile ile. Keria yake pana ilibeba gunia la mahindi hadi mashineni. Jumapili alipanda nyuma, mkewe akampeleka kanisani, na majirani wakatoka nje kutazama.

"Siku tuliyofunga ndoa nilimbeba mimi kwenye Swala, gauni lake nimelifunga kwa kamba lisiingie kwenye spoku," Valence anasema, akicheka polepole. "Tulianguka pale mtoni. Nikaona sasa ni zamu yangu kubebwa."

Lakini mlimani mambo yakawa mengine. Siku ya nne Fortunata aliona moshi upande wa juu, akaelekea huko. Kwenye mwinuko mkali gurudumu la nyuma likazunguka bure juu ya majani mabichi, mota ikapata moto, ikazima. Ilimbidi aisukume, na uzito wake ulishinda ule wa Swala. Alipofika, wenzake walikuwa wamekwisha kuuzima moto, lakini kichaka kimoja cha miti michanga kilikuwa kimeteketea. Usiku goti lilivimba.

Valence alimwomba aachane na mlima. Alimwambia, anavyokumbuka yeye mwenyewe, "Mama Noela, hata getini ni kazi." Jumatatu Fortunata alikwenda kwa Erasmus, akarudisha nyeusi, akachukua ya kijani.

Kwenye lami ilimchosha zaidi, maana ilimtaka akanyage. Alipofika kwenye mwinuko uleule, akaweka gia nyepesi na kukanyaga taratibu. Mota ikaitika kwa kadiri ya mguu wake, si zaidi. Gurudumu halikuteleza.

Anaposimulia hapo, anarudi nyuma hadi utotoni.

"Baba yangu, mzee Hironimus, nyumbani tulimwita Dadi. Alinifundisha baiskeli kwenye uwanja wa shule, wakati watu wanasema msichana hapandi baiskeli. Alikuwa anashika siti kwa nyuma, ananisukuma huku anakimbia. Sasa siku ile mlimani nikasikia nasukumwa vilevile. Nikageuka kuangalia nyuma."

Hakukuwa na mtu. Alishuka, akakaa kwenye jiwe mpaka machozi yakakauka, kisha akaendelea kupanda hadi juu.

Jioni alimweleza mumewe kwamba amechagua, na kwamba gunia la mahindi litaenda mashineni kwa bodaboda. Valence alilitazama goti, halikuwa limevimba. Hakubisha tena.

Baiskeli ina usumbufu wake. Umeme ukikatika usiku, asubuhi anaondoka na betri nusu. Hapo mjini anazima mota na kukanyaga mwenyewe, ili nguvu iliyobaki imtoshe msituni. Lakini amerudi kwenye njia zake zote, na jumuiya imempata mtu mwingine wa getini.

Siku hizi, kila Jumamosi mchana, anamfundisha Subira, mama kijana wa Matogoro anayelima bustani ya mboga, kuendesha baiskeli. Fortunata ameshaiomba jumuiya imchukue kama mlinzi wa pili wa kike, na imeahidi kumjaribu msimu ujao wa moto. Anataka wawe wanawake watatu kabla hajafikia umri wa kustaafu.

"Sitaki kuagwa kwa sherehe," anasema, akivaa kofia yake. "Nataka siku nikiondoka, mlima usijue kama nimeondoka."