Kivuli Kilichofunika Sauti ya Magesa

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya jua kali, na bati la karakana yetu pale Musoma lilikuwa linalia kwa joto. Nilikuwa kijana, najifunza ufundi redio kwa mjomba wangu Juma. Wavuvi wa kijiji cha Kiriba walikuwa na redio za mkononi mitumbwini. Tukisikia mtu yuko hatarini, tulimwitia boti ya kumwokoa.

Redio yetu ya kupokelea ilitoka kiwandani na kasoro. Ndani yake mawimbi hupita njia mbili zinazopaswa kulingana, nazo hazikulingana. Kwa hiyo mtambo mmoja wa redio wenye nguvu kule Bunda ulisikika mara mbili: mahali pake, na kivuli chake juu ya masafa ya wavuvi. Mjomba hakuitupa. Aliiunganisha na kompyuta, akapima tofauti ya njia zile, na programu ikawa inazisawazisha kwa hesabu. Kivuli kikafutika. Ila joto likipanda tofauti hubadilika, na kipimo chetu kilikuwa cha asubuhi yenye ubaridi.

Mchana kivuli kikarudi. Chini yake palikuwa na kitu kama mtu anayekohoa.

"Ni Bunda tu hiyo, mjomba," nilisema. "Tutapima jioni."

Naye alikuwa amechoka, akakubali. Uvivu wa watu wawili haugawanyiki, mwanangu. Kila mmoja huubeba wote.

Kesho yake mwili wa Magesa, mvuvi wa Kiriba, uliletwa ufukweni. Mwenzake, aliyeokoka kwa kushikilia dumu, alisema marehemu aliita Musoma mpaka mtumbwi ukazama.

Kompyuta ilikuwa imehifadhi mawimbi yote ya mchana ule kama yalivyoingia. Mjomba akangoja joto la mchana lifike kama la jana, akapima redio, akapiga hesabu upya. Kivuli kikaondoka, sauti ikatoka safi: "Musoma, mnanisikia? Maji yameingia." Nilitamani ardhi inimeze.

"Tuifute," nikasema. "Tuseme redio yake ndiyo ilikuwa mbovu."

"Mbovu ilikuwaga yetu, na tulijua," alinijibu. "Sisi tulikaa pale kuisahihisha, kwa sababu ni mbovu. Ukifuta hiyo, mjomba, utakuwa umemzamisha tena."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulikwenda Kiriba na sauti ile ndani ya kompyuta. Mama yake Magesa alisikiliza akiwa ameketi chini, akaomba irudiwe. Kisha akauliza, "Mbona hamkumjibu?"

"Hatukumjibu, mama," mjomba alisema.

Nilingoja aongeze neno la kututetea, hakuongeza. Mama yule hakutufukuza wala hakutusamehe. Mpaka leo nikipita Kiriba naona aibu kuinua uso.

Basi nakuusia. Kila chombo kina kasoro yake, na kila mtu vilevile, na kuijua tu hakutoshi. Hali ikibadilika, pima tena. Usimhukumu mtu wa leo kwa kipimo cha jana. Ukisikia sauti hafifu chini ya kelele, usiwe mwepesi kusema ni kivuli. Na ukikosa, nenda mwenyewe ukaseme. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye nayo ana haki ya kujua nani aliyeyamwaga.

Mungu akupe masikio mapana kuliko yangu, mwanangu. Na siku utakayoita wewe, pawe na mtu wa kukujibu.