Tomi aliingia katikati ya rozari

Leo mbwa wetu ametuaibisha mbele ya wageni, na mimi nimefurahi mpaka situlii.

Tangu daktari wa mifugo amfanyie upasuaji, Tomi alikuwa akijificha nyuma ya jiko la nje. Hataki kula. Nikimsogelea, anatetemeka. Mshono umepona, lakini yeye bado anaogopa watu.

Leo jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu hapa Nyanga. Bibi alitandika nyasi mbichi sebuleni, kama tunavyofanya tukiwa na wageni.

Katikati ya rozari, nani huyo mlangoni? Tomi!

Kwetu mbwa haingii kabisa ndani ya nyumba. Akapita kati ya akina mama, akajilaza juu ya nyasi.

Nikainuka nimtoe. Bibi akanivuta sketi.

"Kaa chini, we mtoto! Amekuja mwenyewe, unamfukuza tena?"

Mama mmoja akanong'ona, "Mwache naye asali."

Wageni walipoondoka, nikampa dagaa mkononi. Akanusa, akanitazama, akala.

Bado nimekaa naye. Kila nikitaka kuinuka, ananyanyua kichwa.

Mnaofuga mbwa, niambieni: ameanza kuniamini tena, sivyo?