Kasa wa Mwalimu Salanieta

Salanieta alikuwa na miaka tisa alipoifungua redio ya baba yake. Alitoa kila kilichokuwemo akakipanga juu ya mkeka kama muuza samaki. Baba mtu, Mzee Timoci, alimchapa mpaka majirani tukaingilia. Kesho yake redio ikasema tena, na kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Mtoto wa namna hiyo ulitegemea akae wapi? Alisoma Suva, mji mkuu, akapata kazi hukohuko, halafu akaiacha akarudi kisiwani kufundisha sayansi kwenye shule isiyo na hata kioo kimoja dirishani. Mimi ni mpishi wa shule hiyo, na sikumficha. Nilimwambia, "Mwanangu, umeacha umeme ukafuata mbu?"

Akacheka. "Kule wana walimu wengi, Mama Ulamila."

Kilichomkera ni kimoja. "Watoto wanachora taa ubaoni na hawajawahi kuunganisha waya hata mmoja! Si ni kufundisha kuogelea kwa barua?" Basi akaandika maombi ya ruzuku. Miaka mitatu mfululizo akajibiwa "tunasikitika". Mwaka wa nne wakamkubalia: sehemu ya kwanza papo hapo, sehemu ya pili baada ya ofisa wao kuja kuona kazi.

Sehemu ya kwanza ilileta mota ndogo tatu, kamera na waya mrefu. Watoto wakaunda roboti ya mabomba ya plastiki, inayozama na kupima joto la maji kwenye matumbawe. Wakaiita Kasa. Sehemu ya pili ndiyo iliyomkosesha Salanieta usingizi, maana ilikuwa karakana nzima: paneli za jua, meza, vifaa vya kila mtoto kushika kwa mkono wake. Na fomu ilitaka jambo moja tu. Kasa azame mita tatu baharini, mbele ya kijiji, ofisa akiona kwa macho yake.

Siku kumi na nane kabla ya meli ya ofisa kufika, mkuu wa kisiwa chetu akafariki.

Mkuu akifa, bahari inafungwa. Mashua ya abiria itapita kwenye mkondo wake, basi. Usiku mia moja hakuna ndoana, hakuna wavu, hakuna mtoto wa kuchovya mguu. Wanaofunga ni ukoo wa wavuvi, na mkubwa wa ukoo huo ni Mzee Timoci. Mkono uliosimika fito za vitambaa kwenye mwamba, alama ya bahari kufungwa, ulikuwa wa baba yake Salanieta.

Nikamvaa Salanieta jikoni. "Mpigie simu huyo ofisa, aje mwezi mwingine."

"Mama, kifo cha mkuu kinapigiwa simu? Habari ile inapelekwa na watu, kwa jino la nyangumi, kila mahali kwa zamu yake. Suva haijafikiwa. Mimi ni nani niitangulie?"

"Basi kamwombe baba yako."

Alinitazama kama nimemtukania marehemu. "Kaburi bado bichi, nikaombe roboti ya watoto? Mama!"

Bi Shobna, ofisa mwenyewe, alishuka Jumanne asubuhi, ametapika njia nzima, hana rangi. Meli ingeondoka saa saba mchana, na nyingine ni mwezi ujao. Alipoambiwa habari ya msiba pale mchangani alijifunika mtandio kichwani. Mtu mwungwana, siwezi kumsingizia.

"Poleni sana," akasema. "Nimekulia Labasa, mambo haya nayajua. Wazee wameruhusu?"

"Sijawauliza," alisema Salanieta.

"Nikaulize mimi?"

"Hapana, Bi Shobna. Hilo mgeni haombi."

"Na mimi fomu siwezi kuibadili, Mwalimu. Kamati inakaa Ijumaa, na kuna shule nyingine tisa."

Wakamtia Kasa kwenye tangi la maji ya mvua. Maji yenyewe ya kiunoni! Kasa alizunguka mara mbili, akagonga ukuta, akaelea. Watoto walipiga makofi ya huzuni. Bi Shobna akapiga picha, akasema, "Kazi nzuri, tena nzuri sana. Lakini hii si bahari."

Ikafika saa nne. Watoto wamekaa kwenye ngazi na sare zao, hawachezi, hawagombani, na hilo ndilo lililonitisha. Salanieta anakwenda dirishani, anarudi mezani, anakwenda dirishani. Nikapita kuchukua sinia, nikaona begi lake limening'inia kitini, na ndani yake fungu la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa ikawa kinywaji cha wazee, limefungwa vizuri kwa gazeti na utepe. Hilo halibebwi bure. Hilo ni la mtu anayekwenda kuomba kwa wazee.

Kumbe anataka!

Kweli, akalichukua begi. Akafika mpaka langoni, akasimama, akarekebisha nywele, akasimama tena. Kisha akarudi akalitundika palepale.

"Ulikuwa unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Sikuwa nakwenda. Nanyoosha miguu tu, mama."

Saa tano nikapeleka chakula kwenye nyumba ya wazee, muhogo na majani ya magimbi kwa tui, kama kila siku ya msiba. Saa hizo huwa nawakuta wamejilaza, wengine wanakoroma. Siku hiyo walikuwa wameketi wima kwa safu, shuka nyeusi za kiunoni zimepigwa pasi. Bakuli la yaqona lilikuwa katikati, maji yameshatekwa ndooni, na bakuli lenyewe tupu, linangoja mzizi. Karibu na mlango, pale anapokaa mtu mwenye ombi, palikuwa na mkeka mpya na hakuna aliyeukalia.

Nilipoingia Mzee Timoci aliinua kichwa haraka. Aliponiona ni mimi, akakishusha.

"Shuleni hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Mgeni amekula?"

"Anakula."

Akanyamaza akinitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Mzee hamwiti mtu aje kumwomba, na baba hawezi kumfungulia binti yake kitu ambacho hakuombwa mbele ya watu, wasije wakasema ameigeuza bahari mali ya nyumba yake. Nikaweka sinia chini, nikatoka.

Toka pale mpaka shuleni ni hatua mia mbili. Kisiwa kizima, ni mimi peke yangu niliyeuona ule mzizi na lile bakuli. Na mimi nimeolewa hapa, kwetu ni kisiwa cha Kadavu. Miaka thelathini na moja naosha sufuria zao, na kwenye mambo kama haya bado ni mke wa kuja. Neno la wazee halipelekwi na asiyetumwa. Njiani nikajidanganya kwamba labda wanangoja wageni wengine wa msiba. Wageni gani! Nilijua wanamngoja nani.

Salanieta alikuwa mlangoni pa jiko. "Umewakuta?"

"Nimewakuta."

"Wazima?"

"Wazima."

Naye akanyamaza akinitazama, vilevile kama baba yake. Nikashika mwiko nikakoroga chakula kilichokwisha kuiva.

Saa sita na nusu meli ikapiga honi. Ikapiga tena. Bi Shobna akawaaga watoto mmoja mmoja, akasimama na Salanieta kando. "Mwalimu, nakuuliza mara ya mwisho."

"Safari njema, Bi Shobna."

Mashua ikampeleka. Meli ikageuka, ikaenda zake, na karakana ikaenda nayo.

Haikupita nusu saa, Mzee Timoci akaja shuleni kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilikuwa nakusanya sahani.

"Binti yangu, tumekaa tangu asubuhi. Neno moja tu, ningeng'oa fito mbili kwa mkono wangu, watoto wakapitisha chombo chao. Wote tulikuwa tumekubaliana."

"Mzizi nilikuwa nao, baba."

"Kwa nini hukuja?"

"Niliona haya kuwasumbua msibani."

Mzee alipangusa uso kwa kiganja. "Na sisi tuliona haya kukuita." Akageuka akaondoka, na mgongo wake ulionekana wa mtu mzee kuliko alivyokuja.

Salanieta akanigeukia. "Mama Ulamila. Ulipopeleka chakula, uliwakuta wamekaa hivyo?"

Uongo ulikuja mpaka ulimini. Nikaumeza. "Niliwakuta."

"Na mzizi wangu uliuona?"

"Niliuona."

Nikangoja anitukane. Wallahi, ningemshukuru kama angenitukana, angenirushia hata sahani. Akanipokea zile sahani mikononi, taratibu, akasema, "Asante kwa chakula cha watoto, mama."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alijua kwamba ingekuwa ni yeye aliyepita pale na sinia, naye angenyamaza.