Twiga Aliyetoka Kwenye Feni

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi watatu, nilitoa twiga ndani ya dashibodi ya gari. Hakuwa na kichwa. Urefu wake ulikuwa kama wa kidole changu cha kati, na ndiye aliyekuwa akipiga kelele kila asubuhi kutoka mtaa wa Umoja hadi mjini kwa wiki sita. Nimetengeneza feni za magari maisha yangu yote ya kazi. Nimetoa humo majani, manyoya ya kuku, kiota cha panya pamoja na wenyewe, na kadi ya harusi ya watu waliokuwa wamekwisha kuachana. Twiga ni huyo mmoja tu, na kidogo amfukuzishe mtu kazi mara mbili kwa siku moja.

Vijana wa sasa huchomeka kompyuta kwenye gari wakasubiri lijieleze. Sisi tulianza na sikio.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika gereji iliyokuwa nyuma ya Soko la Burma. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yameanza kuwa mengi, na kila aliyenunua lenye kiyoyozi alipandisha vioo hata wakati wa baridi ili majirani wajue. Nilifika na ovaroli mpya nikitazamia kupewa spana. Msimamizi wa gereji, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, hakunipa chochote. Alinikalisha ndani ya gari lililozimwa, akageuza ufunguo mpaka taa za dashibodi zikawaka bila injini kunguruma, kisha akawasha feni.

"Unasikia nini?"

"Harufu ya mbuzi, bosi."

Ilikuwa kweli. Feni hunyonya hewa ya nje kupitia chini ya kioo cha mbele, na nje palikuwa Burma, mahali ambapo nyama huchomwa kabla watu hawajamaliza chai ya asubuhi.

"Pua yako nitaipatia kazi siku nyingine," akasema. "Leo nimeajiri masikio."

Nilikaa humo hadi saa saba. Nilijifunza kwamba feni ya gari haina mapanga matatu kama ile ya darini. Ni gurudumu lenye mapezi mengi madogo, kama kizimba cha duara, linalozungushwa na mota ya umeme. Ikilia kama mlango wa choo cha shule, bushi zimekauka, yaani vile vikombe vya shaba vinavyoshikilia mhimili wa mota. Gari likitetemeka miguuni kama mgonjwa wa malaria, gurudumu limepoteza usawa, mara nyingi kwa uchafu ulioganda upande mmoja. Na ikigonga tak-tak-tak, ikazidi kila unapopandisha namba ya feni, kuna kitu kimeingia.

"Lakini kabla ya yote, zima injini," Msimamizi alisema. "Kelele ikibaki, ni ya feni. Ikikatika, usiguse dashibodi ya watu."

Sheria yake ya pili haikuhusu masikio. Wateja wetu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, hawakumwamini fundi aliyesema amebadilisha kitu bila kuwaonyesha cha zamani. Kwa hiyo kila kilichotoka kwenye gari kilirudi mkononi mwa mwenye gari, kiwe chuma, kiwe takataka. Kile kiota cha panya nilichotaja alikifunga kwenye gazeti akamkabidhi mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kwa mikono miwili, kama cheti.

Baada ya miaka michache gereji ilihamia Umoja, karibu na barabara ya Outer Ring, nami nikawa fundi wa feni peke yangu. Hapo ndipo alipokuja Musyoka.

Musyoka alikuwa dereva, shemasi wa kanisa, mtu wa tai kila siku. Alimwendesha mama mmoja aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi katika kampuni kubwa mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kuajiri na kufuta. Tulimwita Madam, kama alivyomwita dereva wake. Asubuhi ile alishuka kutoka kiti cha nyuma akamwamuru Musyoka ashushe katoni. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa injini, pampu ya maji na alternata, ile mashine ya kuchaji betri.

"Hii ni gereji ya nne," Madam akasema. "Kila fundi amenipa chuma akaniambia ndicho kilichokuwa kikilia. Vyuma hivi hapa, vimenyamaza. Gari bado linalia."

"Pole sana, Madam," Msimamizi akasema.

"Sitaki pole. Mimi naona dereva wangu na nyinyi mafundi mnakula sahani moja. Leo kelele isipopatikana, kesho Musyoka ataleta funguo ofisini na ataikuta barua yake mezani."

Musyoka alitazama viatu vyake. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na nilijua hilo kwa sababu aliniambia kabla hata sijafungua mlango wa gari.

Nilizima injini, nikaacha feni. Tak-tak-tak-tak. Nikapandisha namba. Takatakatakataka. Mafundi watatu walikuwa wamefungua injini ya gari ambalo injini yake haikuwa na kosa lolote. Nilipomweleza Madam, aliinuka kwenye benchi tulilompanguzia akasogea ajionee mwenyewe.

Katika gari lile feni ilikuwa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Nililala chali sakafuni, miguu nje, nikatoa kisanduku, kisha nikafungua skrubu tatu zinazoshika mota. Musyoka alikuja akachuchumaa karibu na kichwa changu. Nilidhani amekuja kushangilia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama jeneza likishushwa.

Niliingiza vidole ndani ya gurudumu nikagusa kitu kigumu. Hakikuwa chuma.

"Fundi," Musyoka akanong'ona, "kina miguu?"

Nikapapasa. "Minne."

"Yesu wangu."

Hapo ndipo aliponieleza, mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu. Kaka yake alikuwa mchongaji wa vinyago. Kila Ijumaa, baada ya kumfikisha Madam ofisini, Musyoka alimpelekea muuzaji mmoja mjini wanyama wadogo aliowajaza kwenye kisanduku kile. Kampuni ilikataza gari kubeba mzigo wa mtu binafsi, na adhabu ilikuwa kufutwa. Nyuma ya kisanduku palikuwa na mwanya. Madam hakupenda vumbi la Outer Ring, hivyo feni iliwekwa inyonye hewa ya ndani, na mdomo wake ulikuwa wazi chini ya mwanya huohuo. Twiga mmoja aliteleza akaingia.

"Mwambie ni panya," akasema.

"Panya wa mti, Musyoka?"

"Basi mrudishe! Mrudishe ndani, fundi."

"Nikimrudisha atalia, na kesho unapeleka funguo."

"Na akitoka?"

Nilikuwa tayari nimemfumbata kiganjani.

"Mbona mnaomba dua huko chini?" Madam akauliza. "Kimetoka?"

"Fundi," akasema Msimamizi, aliyekuwa hajui lolote, kwa ile sauti yake ndogo iliyojaa fahari, "mpe mwenye gari kilicho chake."

Nilitoka chini ya dashibodi nikamweka twiga kwenye kiganja cha Madam. Mapezi ya feni yalikuwa yamemlainisha mgongo na kumkata shingo. Madam alimgeuza upande huu na upande ule.

"Hiki ni nini?"

Msimamizi hakuwahi kuulizwa swali asilijibu. "Hiyo ni bushi ya mbao, Madam. Hawa Wajapani wa zamani walikuwa wakizitumia."

"Bushi yenye mkia?"

Msimamizi akaangalia tena. "Modeli nyingine zilikuja na mkia."

"Ni twiga, Madam," nikasema, kwa kuwa bushi yenye mkia ingetuvunjia jina Umoja nzima. "Kichwa kimesagwa na feni."

"Na twiga aliingiaje kwenye gari langu?"

"Kupitia mwanya ulio nyuma ya kisanduku."

"Fundi, sijakuuliza mlango. Nimeuliza safari."

Nilifuta mikono, na nilifuta kwa muda mrefu. Musyoka alikaza tai.

"Washa feni," Madam akasema.

Nilirudisha mota, nikakaza skrubu, nikawasha. Namba moja, mbili, tatu, nne. Ilitoka hewa tupu. Madam aliketi kiti cha nyuma akaisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Wiki sita," akasema hatimaye. Akafungua mkoba, akamtia twiga ndani, akaufunga. "Musyoka, twende. Nina kikao."

Waliondoka. Msimamizi aliwakimbilia na katoni hadi barabarani. "Madam! Vyuma vyako!"

Kesho yake Musyoka alipeleka funguo ofisini, akidhani barua inamsubiri. Mezani hapakuwa na barua. Madam alimwambia tu alete gari saa kumi. Lakini Jumatatu, Musyoka alipofungua buti ya gari kutafuta jeki, alikuta blanketi kuukuu, safi, limekunjwa mara nne, likinuka nafthalini, ile dawa ya nondo. Hakuliweka yeye. Funguo za gari lile zilikuwa seti mbili, yake na ya Madam.

Hakuuliza. Tangu siku hiyo hakubeba tena kinyago ndani ya gari la kampuni. Kila Jumamosi alipanda basi na wanyama wa kaka yake mapajani, na blanketi likaendelea kusafiri peke yake kwenye buti, mwaka baada ya mwaka.

Sasa sote tumestaafu. Sikio langu la kushoto limechoka, na kijana mmoja pale Umoja hutengeneza feni vizuri kuliko mimi, ingawa hazimi injini kwanza na sitaacha kumwambia. Jumapili baada ya ibada mimi na Musyoka hubishana. Yeye anashikilia kwamba blanketi lilikuwa mtego. Mimi nasema lilikuwa ruhusa ya kufungia wale wanyama, kwa sababu hakuna anayekunja mtego mara nne. Mkewe anasema huenda yule mama alikuwa na blanketi la ziada tu nyumbani. Madam mwenyewe alistaafu kabla yetu akarudi kwao, na siku ya kuagana alimpa Musyoka mkono, akamwambia aendeshe salama, akaishia hapo.

Siku Musyoka alipokabidhi gari, alitoa mwavuli wake na Biblia. Kisha akafungua buti. Blanketi lilikuwa palepale, limekunjwa vilevile. Anasema alisimama hapo mpaka askari wa lango akamuuliza kama amepoteza kitu, akamjibu kwamba hajui.